Barua ya wazi kwa waajiri wa Nachingwea na Ruangwa: mshindani wenu ni shamba

Ndugu wakurugenzi wa halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, ndugu viongozi wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI na wa vyama vyake vya msingi, AMCOS, ndugu wenye maghala, mashine za kubangua korosho, shule na zahanati binafsi, nanyi mliokuja Ruangwa kuchimba kinywe:

Lawama mnazowatupia vijana mliowaajiri zinafanana, awe anazitoa mkuu wa idara au meneja wa mgodi: hawatulii. Mwalimu anaripoti kituoni, na kabla mwaka haujakatika anaulizia uhamisho. Fundi aliyefundishwa kuendesha mtambo anapata cheti, kisha anasikika yuko Geita. Kibarua wa ghala haonekani tena siku kwao wanapoanza kukata ufuta. Kutokana na hayo mmefikia hukumu kwamba kizazi hiki hakina moyo wa kazi wala uaminifu kwa anayekilisha. Matukio hayo siyakatai. Ninachokataa ni hukumu, kwa sababu inawaondolea ninyi sehemu yenu ya jambo hili. Kijana wa wilaya hizi ana pengine pa kwenda wakati wote, napo ni shambani, na anawapima ninyi kwa kipimo alichokizoea huko: bei itajwe mbele ya watu, malipo yawe na tarehe, na mwenye jasho awe na nafasi ya kusema hapana. Mwajiri anayekifikia kipimo hicho hukaa na vijana wake. Asiyekifikia hukimbiwa, au hubaki na miili yao tu.

Fikirieni kijana huyu amekulia wapi. Amekua akiona mnada. Wakulima wameketi uani kwenye chama cha msingi, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye magunia matupu, na zabuni zinasomwa kwa sauti moja baada ya nyingine: kampuni fulani, tani kadhaa, bei kwa kilo kiasi kadhaa. Siku hizi zabuni hupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei huonekana kwenye skrini, lakini swali la mwisho bado ni la wakulima: tunauza au hatuuzi? Na "hatuuzi" lina nguvu. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa kusini waligomea bei za wanunuzi, na Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaingia kuisomba. Msimu ule ulikuwa na somo la pili, tena chungu. Uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na wapo waliosubiri malipo miezi mingi. Watoto waliokuwa darasa la tano na la sita wakati ule, wakiwasikia wazazi wao wakihesabu siku, ndio mnaowafanyia usaili leo. Wanaingia kwenu wakijua kwamba bei huulizwa hadharani, na kwamba hata bei nzuri haisaidii kitu kama haina siku ya kulipwa.

Sasa fanyeni hesabu anayoifanya yeye. Amri ya mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Katika msimu wa 2024/2025, bei kwenye minada ya mwanzo ya korosho huku kusini ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo, kabla ya makato, kilo 35 zilifikia mshahara wa mwezi mzima, na kilo 35 hazijazi hata nusu ya gunia. Amri mpya iliyoanza Januari 2026 imepandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kwa asilimia 33.4, nalo ni jambo la kushukuru, ila kijana bado analo la kulinganisha. Msikimbilie kusema kwamba basi tatizo ni fedha tupu. Shamba nalo lina mitihani yake: ubwiriunga ukiingia wakati wa maua, salfa ikichelewa, mvua ikiloanisha korosho chini ya mti, bei ikianguka, mtu anaumaliza mwaka mikono mitupu. Mshahara, hata ukiwa mdogo, una sifa moja ambayo shamba halina: unapaswa kuja kila mwezi. Mwajiri anayeulipa kwa siku yake ameshalishinda shamba pale lilipo dhaifu kuliko pote. Anayeuchelewesha anampa kijana hatari zote za shamba bila mavuno yake.

Jambo hili halikuanza na kizazi hiki. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikavutwa hadi hapa, mashamba yakapewa namba. Januari 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Watu wanapoisimulia habari hiyo husimulia matrekta yaliyokufa porini. Mimi nawaomba mtazame vibarua. Kote Tanganyika kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 iliyotiwa alama siku baada ya siku, na malipo yakangoja kadi ijae. Mabwana wa mkonge wa Lindi na mabwana wa karanga walilalamika kama mnavyolalamika ninyi: hawa watu hawakai, mvua zikianza hawapo. Hawakutaka kuona kwamba aliyerudi kwake kulima alikuwa anafuata chakula cha uhakika, kwa kuwa ujira wa mtu mmoja haukutosha kumlisha mke na watoto aliowaacha kijijini. Na pale ambapo hapakuwa na mahali pa kusemea ndani, watu walisemea nje. Mgomo wa Septemba 1947, ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, uliifuata reli ya kati ukaingia bara na kuwafikia hata wafanyakazi wa karanga wa Kongwa.

Nachingwea hiyo hiyo ina ushahidi wa upande wa pili. Shamba lililopewa namba 17, lile ambalo hadi leo tunaliita Farm 17, lilikuja kuwa kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Vijana wa Msumbiji waliishi hapo bila mshahara, wakilima chakula chao na kujifunza vita, na Mei 1975 kiongozi wao Samora Machel aliondokea huku kuanza safari yake ya kwenda Maputo kupokea uhuru wa Juni 25. Anayeamini kwamba kijana husukumwa na fedha peke yake hana la kusema mbele ya historia hiyo. Lakini tusiipambe kambi ile kupita kiasi. Ni hapa hapa Nachingwea, mwaka huo huo, ambapo Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO kabla ya kutofautiana na wenzake, alilazimishwa kusoma hadharani maungamo ya kujishutumu mwenyewe. Lengo kubwa humfanya kijana avumilie mengi, ila halimpi kiongozi ruhusa ya kumziba mdomo. Nalisema hili kwa sababu bado tunaambiwa kwamba ualimu ni wito na uuguzi ni wito, na mara nyingi tunaambiwa hivyo siku ile mtumishi anapouliza fedha zake za kujikimu. Wito ni kitu cha kweli. Ukitumiwa kunyamazishia watu, unakufa ndani yao.

Mtajibu kwamba vijana wa leo hawana subira, wanataka hela ya leo leo, ndiyo maana wanakimbilia bodaboda. Jibu liko shambani kwenu wenyewe. Mche wa mkorosho huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuanza kuzaa, na zaidi ya hapo kabla ya kuzaa kwa kuridhisha. Miaka yote hiyo unapaliliwa, unapogolewa, unakingwa na moto wa kiangazi, na haurudishi hata shilingi. Vijana wa Mnero, wa Nandagala na wa Namichiga wanaipanda mikorosho hiyo. Mtu anayeweza kuungoja mti miaka mitatu hana upungufu wa subira. Anangoja kwa kuwa amewaona waliopanda kabla yake wakivuna, na anajua mti ukizaa ni wake. Kazini kwenu anangoja nini? Akiwatazama waliomtangulia kwa miaka mitatu, anaona kitu gani kimezaa? Swali hili linawahusu zaidi kuliko jingine lolote lililomo katika barua hii, na ningependa kila mkuu wa idara alijibu kwa kutaja watu anaowasimamia, si kwa kunukuu sera.

Katika utumishi wa umma swali hilo limewahi kupata jibu baya. Wakati wa uhakiki wa watumishi na vyeti, mwaka 2016 na 2017, upandishaji wa madaraja ulisimama. Aprili 2017 ilitangazwa orodha ya watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Kuwaondoa hao ilikuwa haki. Lakini wenye vyeti halali nao walikwama kwenye daraja lile lile, malimbikizo yakawa hadithi ya kila kikao, na mambo hayakuanza kufunguka vizuri hadi mwaka 2021. Mwalimu aliyeajiriwa muda mfupi kabla ya uhakiki huo alijifunza kwamba kuchapa kazi na kupanda daraja ni mambo mawili yasiyojuana, na somo hilo limewafikia wadogo zake kabla hata hawajaomba ajira. Mwalimu huyo anaweza kubaki kazini bila moyo. Tangu mwaka 1991 wanasaikolojia wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, wametusaidia kutenganisha sababu tatu za mtu kubaki kazini: kuipenda kazi yake, kuogopa hasara ya kuiacha, na kujiona ana deni la kubaki. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba anayebaki kwa kupenda hufanya kazi vizuri zaidi, na anayebaki kwa kukosa pa kwenda hana nyongeza hiyo. Kwa hiyo idadi ya watumishi ambao hawajahama isiwadanganye. Muuguzi aliyenyimwa uhamisho anasaini daftari la mahudhurio kila asubuhi. Saini hiyo haiwaambii kama mama mjamzito aliyefika saa nane usiku atapokelewa kwa moyo au kwa kufuata zamu tu.

Mchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kuhusu mambo mawili anayoweza kuyafanya mtu asiyeridhika: kuondoka au kusema. Inashangaza kidogo kwamba naye alianzia kwenye karanga. Aliiona reli ya Nigeria ikishindwa na malori kusafirisha karanga kutoka kaskazini hadi bandarini, wakati kwa umbali ule reli ndiyo iliyopaswa kushinda. Alichogundua ni kwamba malori yalipowachukua wateja wakali, wenye uwezo na ulimi wa kulalamika, reli iliwapoteza watu ambao kelele zao zingeilazimisha ijirekebishe. Ikazidi kuoza kimya kimya. Mtumishi kijana anayewaacha bila neno ni mteja wa namna hiyo. Mnapumua kwa kuwa mkorofi ameondoka, kumbe ameondoka aliyekuwa akiyaona makosa. Nasi hatukukosa chombo cha kumsikiliza. Mwaka huo huo wa 1970, Waraka wa Rais Na. 1 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, na hadi leo mabaraza hayo yapo katika taasisi za umma. Tatizo ni matumizi yake. Baraza linaloitwa kupitisha makabrasha yaliyoandikwa tayari, wajumbe wakipokea posho na kutawanyika, halimpi kijana nafasi anayopewa baba yake kwenye mnada, ile ya kuulizwa "tunauza au hatuuzi?" huku muulizaji akijua kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Najua pingamizi la wakurugenzi: mishahara na madaraja hupangwa Dodoma, halmashauri haina mkono. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na si haki kuwabebesha lisilo lenu. Lakini hesabuni yaliyo yenu. Binti ametoka Kagera, anashuka stendi ya Nachingwea jioni akiwa na begi, godoro lililokunjwa na barua ya kupangiwa kituo. Nani anampokea? Fedha za kujikimu anazostahili zimeandaliwa, au anaambiwa aende kituoni zitamfuata? Nyumba ya mtumishi huko kijijini ina mlango unaofungwa? Barua yake ya kuomba likizo au kuulizia malimbikizo inajibiwa ndani ya wiki mbili, au inalala kwenye faili? Kati ya hayo, mengi hayasubiri kibali cha wizara. Na hata fedha zinapokuwa hazipo kweli, mtumishi anaweza kuambiwa kwa maandishi kwamba hazipo na zinatarajiwa lini. Tarehe inayotajwa kwa uaminifu, kisha ikasogezwa kwa maelezo, haimkimbizi mtu. Kinachomkimbiza ni "njoo wiki ijayo" ya mara ya sita.

Wa sekta binafsi mna pingamizi lenu: tukimfundisha, anachukuliwa na wenye mishahara mikubwa. Mengine yatatokea hivyo, siwadanganyi. Mgodi mkubwa wa Kanda ya Ziwa utaendelea kuwazidi kete. Ila mara nyingi kinachomfukuza aliyefundishwa ni kurudi na cheti kipya akakuta malipo yale yale, kazi zile zile na msimamizi yule yule anayemtuma maji ya kunywa. Kumfunga kwa mkataba wa miaka miwili baada ya mafunzo si dhambi, mradi ukurasa huo huo useme ninyi mtampa nini katika miaka hiyo miwili. Kwa kampuni za kinywe jambo hili ni la kisheria pia. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zinawataka muwe na mpango wa ajira, mafunzo na urithishaji wa nafasi zinazoshikwa na wageni. Mipango hiyo mmeiandika kwa Kiingereza na kuipeleka Tume ya Madini. Iandikeni kwa Kiswahili mkaibandike getini, ili kijana anayeshika koleo leo aone ni nafasi ipi, mwaka gani, kwa mafunzo yapi.

Kuna tukio jingine la hapa hapa ambalo nalitaja kwa heshima zote. Leseni ya kuhodhi eneo la nikeli la kilima cha Ntaka, Nachingwea, ilifutwa kufuatia mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017. Wawekezaji, wakiongozwa na Indiana Resources ya Australia, walikwenda kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, na Julai 2023 wakashinda fidia ya zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 90. Kampuni iliyoona ahadi yake imevunjwa ilikuwa na pa kwenda, na ikasikilizwa. Kijana anayeona ahadi yake imevunjwa ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na siku 30 tu za kupeleka shauri la kuachishwa kazi, nauli ikiwa juu yake. Na kama hajatimiza miezi sita kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi kinga ile dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Waajiri wanaowabadilisha vijana kila baada ya miezi mitatu wanaujua mlango huo. Wajue pia kwamba kijana naye ameuona, na kwamba atawapa kazi ya miezi mitatu kwa moyo wa miezi mitatu.

Ombi langu linatekelezeka kabla minada ya korosho haijafunguliwa Oktoba. Sheria hiyo ya 2004 inawataka mumpe kila mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi, malipo na namna yanavyokokotolewa, na saa za kazi. Yaandikeni kwa Kiswahili cha kueleweka, kisha myasome kwa sauti mbele ya wafanyakazi wenu wote, kifungu kwa kifungu, kama zabuni zinavyosomwa. Mtakapofika kwenye kila kifungu, ulizeni kama kuna anayekipinga, na msubiri. Mwanzoni watanyamaza, kwa kuwa hawajazoea. Subirini hata hivyo. Atakayenyanyuka wa kwanza aandikwe hoja yake, si jina lake, na jibu libandikwe ubaoni pamoja na tarehe ya mshahara wa mwezi unaofuata.